Sikumpa Shangazi Radhi

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa ukiishia, shangazi alianza kuzunguka nyumba za mtaani kwetu Ngamiani kutaka radhi, kama watu wetu wafanyavyo kabla ya kufunga. Kwetu alikuja mwisho. Alinikuta barazani namenya muhogo. Sikumwamkia. Tangu Ramadhani iliyopita nilikuwa simpi shikamoo, na mtaa mzima ulijua.

"Mwanangu, dadako kashanisamehe," akasema. "Na wewe nisamehe, niufunge mwezi na moyo safi."

"Dada ana moyo wake," nikamwambia. "Mimi nina wangu."

Dada ana kisukari tangu angali msichana. Anajidunga insulini, na daktari amemkataza kufunga. Shangazi naye ana kisukari, ila chake kilimjia ukubwani. Yeye humeza vidonge, na anafunga. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Ramadhani ile alimkuta dada uani anakula mkate adhuhuri, akaenda kuyasema sokoni: "Mimi nina sukari na nafunga. Yake sukari gani hiyo, ya kumlisha mchana?" Wanawake wakacheka, kisha wakaanza kumrushia dada vijembe kila akipita. "Umefuturu mapema leo, bibi?"

Dada akaona haya. Akaacha kula mchana, lakini sindano hakuacha. Siku moja alikuwa akikaanga bagia za kuuza magharibi, sukari ikamshuka. Alitetemeka, akaloa jasho, akaliangukia karai, na mafuta yakamuunguza mkono wa kulia. Mimi nilikuwa mbali, mashambani Maramba, nikichuma machungwa ya watu. Niliporudi nilimkuta wodini, vidole vimejikunja, na havikunyooka tena.

Shule niliiacha mapema, kwa miguu isiyotulia, lakini jambo nisilolielewa hunikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nikamngoja daktari mlangoni pa wodi, nikamuuliza: inakuwaje mmoja afunge na mwingine aanguke, na ugonjwa ni mmoja?

"Si mmoja," akasema. Akachana boksi la glavu, akanichorea.

Kongosho, alisema, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, lina vijisiwa vya seli. Humo mna seli za beta, zenye vifuko vidogo mno vilivyojaa insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, huingia ndani ya seli na kuchomwa ili kupata nguvu. Nguvu hiyo hufunga vijilango vya potasiamu, vya kalsiamu vikafunguka, na vifuko vikasogea hadi ukutani na kumwaga insulini nje. Sukari ikishuka, umwagaji hupungua. Shangazi seli hizo anazo. Zimechoka, na mwili wake umekuwa mzito kuisikia insulini, lakini zipo. Za dada ziliuawa na askari wa mwili wake mwenyewe. Na insulini ya sindano haina wa kuizuia. Ikishaingia inaendelea kushusha sukari, ule usile.

Daktari akachora seli nyingine pembeni, za alfa. Hizo hutoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe sukari liliyoiweka akiba.

"Hizo dada anazo?" nikauliza upesi.

"Anazo. Ila baada ya miaka mingi zimekuwa kama kiziwi. Sukari ikishuka zinanyamaza, akishakula ndipo zinapopayuka." Alisema sababu mojawapo ni kwamba zimefiwa na majirani zao wa beta, waliokuwa wakizituliza na kuziamsha. Sababu nyingine wataalamu bado wanazitafuta.

Niliondoka pale na kile kipande cha boksi, nikijua kitamuumiza nani.

Basi siku ile barazani, shangazi akingoja jibu, nilimwambia ataizunguka njia ileile aliyopita na maneno yake. Dada alikuwa ameshaniapia kwamba mwezi ukiandama hatatia kitu mdomoni mbele ya mtu, hata akifa. Haya aliyovishwa na ulimi ule, ulimi uleule ungemvua.

"Nikaseme nini?"

"Seli."

"Seli ndiyo nini?"

Nilimfundisha mpaka alasiri. Dada alitoka ndani kuniambia nimwache, ni shangazi yetu. Nikamwambia aende akalale.

Kesho yake nikamfuata shangazi sokoni, nyuma yake hatua chache. Alisimama mbele ya wanawake walewale, wauza vitafunio, akashika ncha ya mtandio wake.

"Nilimsingizia mwanangu," akaanza. "Sukari yake si kama yangu. Mimi seli zangu za beta zimechoka. Zake zimekufa."

"Kumbe bibi umekuwa daktari," akasema muuza vitumbua.

"Na zako zimechoka kwa kusema?" akadakia mwenzake, na meza zote zikacheka.

"Na zile za alfa," shangazi akaendelea, jasho likimtoka, "zimelala."

"Hazijalala," nikasema kwa nyuma. "Hazisikii. Rudia."

Akarudia. Kicheko kile nilikionea utamu, sitadanganya. Tulikwenda meza baada ya meza, na kila alipokosea nilimrudisha mwanzo. Mwishoni akanigeukia, macho yamemwiva.

"Umeridhika sasa?"

"Bado," nikamwambia, nikamwacha palepale.

Ramadhani haikufika katikati. Adhuhuri moja dada alikuwa akinunua ndimu, mimi nimemshikia kikapu, nikaona midomo yake imepauka na mkono wake usioungua unatetemeka. Tende zilikuwa ndani ya kikapu, na yeye anajua, ila alifumba mdomo. Kabla sijasema neno, muuza vitumbua alikwishafunua ndoo ya juisi ya ukwaju aliyoitilia sukari kwa ajili ya magharibi, akachota gilasi.

"Keti, mwanangu. Kunywa. Hizo seli zako hazisikii, tumeambiwa."

Dada aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Akaketi juu ya gunia, akanywa mchana kweupe, na mwenye juisi akamshikilia gilasi.

Rangi ilipoanza kumrudia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ulimtesa mtu mzima, wewe."

"Nilimtesa," nikasema. "Maliza juisi."