Siku Niliyosusia Mahari ya Mdogo Wangu

Mwenzangu wa kazi katika mtaa wa Jette, huku ughaibuni, Mtanzania, ndiye aliyenifundisha neno kususa: kukataa jambo unalolitaka kwa sababu hukuthaminiwa. Nililipenda, na wiki ileile nikapata pa kulitumia.

Mdogo wangu Furaha alikuwa analetewa mahari. Tangu wazazi wetu wafariki nimemlea mimi. Niliacha shule ili yeye asome. Kadi za mwaliko ziligawiwa mtaa wetu wa Schaerbeek mzima, hata kwa kinyozi. Mimi sikupewa. Basi siku yenyewe nikasusa. Nilikaa nyumbani, nimeshavaa suti, nikisubiri kubembelezwa.

Furaha, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, akapiga simu. "Yaya, uko wapi? Bakwe bamefika, hakuna muntu wa kupokea mahari."

"Sikupata kadi," nikasema. "Nimesusa."

"Yaya, kadi zote ziko na jina yako. Ni weye unaalika batu, kwa nafasi ya papa yetu marehemu. Ulitaka ujialike?"

Kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Baba wa bwana harusi akauliza kwa upole kususa maana yake nini.

Furaha, msomi wetu, akamweleza: "Papa, ni vile mutoto anakataa chakula yenye anapenda, ili bamubembeleze."