Hatari ya Saba

Utasema nilikuwa nimechoka, au jua la Dodoma lilinipiga. Sema utakavyo. Nilikuwa mzima, nimeshakunywa chai, ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Aliyenijia hakuja gizani. Alikuja amevaa glovu, kufanya kazi.

Ofisi yetu siitaji. Ilitunza kumbukumbu za viwanja, nani anamiliki kipi, kuanzia Ipagala mpaka nje ya mji. Zote zilikaa kwenye seva katika jengo la zamani mjini, nasi tukaambiwa tuzihamishie Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali. Mimi nilikuwa mkuu wa kitengo. Mpango wa kuhama aliuandika Sefu, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole, swala tano, asiyeweza kuacha waya bila lebo.

Aliandika pia orodha ya hatari, kila hatari na jina la mhusika. Ya saba ilihusu mashine kubwa, ile yenye diski zote, iliyokuwa imewaka miaka mingi bila kuzimwa.

"Bosi, diski za zamani ukizizima huwa haziamki," aliniambia. "Tujaribu kwanza bakapu, zile nakala za akiba. Turudishe data yote kwenye mashine nyingine, tuone kama inasomeka. Wiki mbili tu."

Wiki mbili sikuwa nazo. Wakubwa walishapanga siku ya uzinduzi wa ofisi mpya. Nikaifuta ile ya saba, nikapeleka orodha ya hatari sita.

Tukafanya jaribio kwa kuhamisha seva moja ndogo. Haikuwaka. Kumbukumbu za mtaa mzima zikapotea, watu wakajaa getini na hati zao mkononi. Kamati ikauliza kwa nini hatari hii haikuandikwa. Nikawaonyesha orodha ya hatari sita yenye jina la Sefu. Akasema anayo nakala yenye zote saba. Walipofungua kompyuta yake haikuwemo. Neno la siri la kompyuta ile tulilijua watu wawili tu, yeye na mimi. Unanielewa?

Hakupiga kelele. Alinitazama, akauliza, "Bosi, ya saba umeipeleka wapi?" Nikaanza kupanga karatasi zangu. Uzinduzi ukaahirishwa, yeye akaachishwa kazi, akarudi Kondoa, na baada ya miezi michache tukasikia amefariki kwa presha. Mazikoni sikwenda. Ningekwenda na uso gani?

Ungedhani baada ya hapo nilizijaribu zile bakapu. Sikuzijaribu. Kuzijaribu kungekuwa kukiri.

Sasa ile Jumamosi, kampuni ya usafirishaji ilileta mafundi sita. Niliingia chumba cha seva nikamkuta mmoja yuko peke yake, ovaroli mwilini, barakoa ya vumbi usoni, anachomoa nyaya za mashine kubwa. Hakusoma lebo hata moja. Nikafurahi, nikasema moyoni, huyu anaijua kazi.

"Bakapu mmezijaribu?" akauliza bila kugeuka.

"Tumezijaribu."

Akachomoa waya mwingine. "Data ilisomeka?"

"Fundi, fanya kazi uliyoitiwa!"

Akanipa fomu ya kuruhusu mashine izimwe. Nikasaini bila kuisoma. Niamini, tangu asubuhi nilishasaini nyingi za namna hiyo. Vidole vyake vilipogusa vyangu, baridi ikapanda mpaka begani. Ndiyo, chumba cha seva kina baridi. Lakini si ile.

Akabonyeza. Muungurumo niliouzoea miaka yote ukashuka, ukashuka, ukakata. Ndipo aliposhusha barakoa.

Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki na kalamu mkononi. Alikuwa Sefu, na alama yake ya sijda kwenye paji la uso, na macho yasiyopepesa. Akasema kwa upole uleule, "Ya saba umeisaini mwenyewe, bosi." Akanipita, akatoka taratibu kama mtu anayekwenda kuswali.

Nikaitupa kalamu, nikakimbilia getini kwa mlinzi wetu, Mzee Chedego.

"Shikamoo mzee! Nani katoka hapa sasa hivi?"

"Marahaba. Si Sefu? Asubuhi alipoingia nimemwambia, afadhali wamekurudisha kazini. Ila amekonda."

Maskini, hakuwa na habari kwamba Sefu alishazikwa.

Kule Mtumba mashine haikuamka. Bakapu tulipozifungua zilikuwa tupu. Na ndani ya jalada la uhamisho kamati ikaikuta fomu yangu. Hatari ya saba ilikuwa pale, yote, kwa mwandiko wa Sefu, na mahali pa mhusika jina langu na saini yangu. Nikafukuzwa wiki hiyohiyo.

Nikaenda Kondoa kumwomba radhi mjane wake, Zaituni. Nilimweleza kila kitu, kichwa nimeinamisha. Alisikiliza huku anapepeta uwele, hakusimamisha mikono.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi ile alasiri alikuja hapa. Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Akaomba maji ya kutawadha. Nikamuuliza, umetulia sasa? Akasema ofisi ameshamalizana nayo."

Nikashusha pumzi.

"Nikamuuliza, na bosi wako? Hakunijibu."

Akaendelea kupepeta. Sikukaribishwa chai.

Huu ni mwaka wa tatu. Nimeomba kazi Dodoma, Singida, Morogoro. Kila mahali wananipokea vizuri, tunakubaliana, kisha siku ya kuripoti sura zimebadilika. "Jana alifika mtu," wananiambia. "Mpole sana. Anasema mlifanya kazi pamoja." Wanachoambiwa hawanielezi. Siku hizi nalima alizeti za watu Kongwa.

Kwa hiyo wewe unayehamisha mitambo, au unayesimamia kazi yoyote ile, mtu akikuandikia hatari, usiifute. Na kama umeshaifuta, na mtu huyo bado anapumua, ondoka hapo ulipo uende ukamwambie. Leo. Mimi nilikwenda, nikamkuta mkewe.