Mama Fomu na askari wa "hali ni salama"

Saa moja kasoro robo asubuhi, pasi imeshapata moto. Mama Fomu anaigusa kwa kidole alichokilowesha mate, anaisikiliza inavyolia, anapunguza moto kidogo. Kisha anaipitisha taratibu juu ya kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa kuna cheti cha utumishi jeshini cha mzee aliyestaafu miaka ishirini na sita iliyopita. Mjukuu wake ndiye aliyekiokota kwenye tope.

"Hiki hakitaki haraka," anasema bila kuinua macho. "Ukikikimbiza, wino unaondoka na jina la mtu. Na bila jina hapa huna chako."

Ofisi ya chama cha askari wastaafu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili, benchi refu la mbao na kabati linalofungwa kwa kamba. Tangu dhoruba ilipoezua nyumba za mtaa mzima wiki tatu zilizopita, benchi hilo halijapata kupumzika. Mama Fomu, mwenye umri wa miaka hamsini na nne, ameshakausha vyeti zaidi ya sabini na kujaza fomu za kaya mia mbili na kumi na mbili. Analipwa posho ya siku kumi na mbili kwa mwezi. Siku nyingine anajitolea, "maana nikikaa nyumbani nitagombana na kuku."

Zamani alikuwa mpiga chapa kambini. Akaolewa na koplo, na koplo akafariki miaka sita iliyopita. Ndiyo maana wastaafu wote, hata wale wenye umri wa kumzaa, humwita shemeji na kumtania watakavyo. Naye hulipiza papo hapo.

Leo ni Alhamisi. Kesho saa tisa alasiri kamati ya maafa inafunga dirisha la maombi, na anayechelewa atajijua mwenyewe. Mama Fomu anachambua rundo la fomu zilizorudishwa, mara anaguna.

"Hali ya nyumba: salama," anasoma kwa sauti. "Hali ya familia: imara. Mahitaji: hakuna." Chini yake kuna muhuri wa kamati: maombi yamefungwa.

"Huyu ni sajini wa mtaa wa nyuma," anasema. "Paa lake nimeliona kwa macho yangu, limelala kwenye uwanja wa shule!"

Anaeleza kwamba raia ukimuuliza hali yake, atakumwagia shida zake zote. Askari wa zamani hadhani unamuuliza habari zake. Anadhani anatoa ripoti kwa mkubwa wake, na kwa miaka yote ripoti ilikuwa ni ile ile: hali ni salama, afande. Fomu za namna hiyo zimerudi kumi na moja. Kumi ameshazinusuru kwa kuwafuata wenyewe majumbani.

"Hata koplo wangu alikuwa hivyo hivyo," anasema. "Dhoruba ya mwaka ule aliandika 'salama' na huku tunalala chini ya meza. Tukakaa kwenye turubai miaka miwili. Kifua chake hakikurudi kuwa kile."

Anakunja kitambaa, anakikunja tena. Uchungu bado anao, na hauonei haya. Kisha anachukua fomu mpya, kidau cha wino na begi lake, anafunga kabati kwa kamba.

Anamkuta sajini ameketi sebuleni kwake, viatu vinang'aa, shati limenyooka. Juu ya kichwa chake ni mbingu tupu. Mkewe anapika pembeni, chini ya kipande cha turubai.

"Shikamoo, sajini. Paa liko wapi?"

"Marahaba, shemeji. Limepewa uhamisho."

"Na wajukuu?"

"Salama kabisa."

Mkewe anagonga mwiko kwenye sufuria. "Salama gani, baba watoto? Salama gani hiyo?"

Mama Fomu anatoa fomu. Mzee anaitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jirani kwa makosa. "Wape wenye shida," anasema. "Mimi sijawahi kuomba, na uzee huu sianzi."

Wengine kumi walilainika kwa kubembelezwa. Huyu kashika lake. Mama Fomu anamtazama kidogo, kisha anaweka begi chini, ananyoosha mgongo na kutoa sauti inayomfanya hata mke wa sajini auachie mwiko.

"Sajini! Taarifa ya uharibifu wa kambi! Kwa mpangilio!"

Mzee amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. Mikono ubavuni, kidevu juu.

"Mabati kumi na nane yameng'oka, afande! Kenchi tatu za paa zimevunjika! Ukuta wa nyuma una ufa! Magodoro mawili hayafai! Wajukuu wanne wamehamishiwa kwa jirani. Mmoja... mmoja anakohoa wiki ya pili, afande."

Mama Fomu anaandika bila kumtazama, kumpa mzee nafasi ya kujifuta macho. Akimaliza, anamsogezea kidau. "Weka dole gumba hapo. Hujaomba kitu, sajini. Umetoa taarifa."

"Wiki tatu namuuliza tumepoteza nini," anasema mkewe, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe nilikuwa simuulizi kwa cheo!"

Jioni hiyo hiyo kamati inaipokea fomu. Mabati, saruji na blanketi vimeahidiwa kufika ndani ya wiki mbili, na wajukuu watapelekwa zahanati.

Mama Fomu sasa ana mpango mmoja. Anataka swali la "hali ya nyumba" liondolewe kwenye fomu za wastaafu, mahali pake paandikwe "taarifa ya uharibifu". Barua ameshaichapa mwenyewe, na mwenyekiti wa chama ameahidi kuipeleka kwenye kikao cha kamati. Amebandika pamoja nayo karatasi moja kuukuu kutoka droo yake, fomu ya marehemu mumewe, yenye neno moja tu: salama.

"Wakiisoma hiyo wataelewa," anasema. "Sitaki mke mwingine abaki na karatasi kama hii."

Ijumaa, saa nane mchana, zikiwa zimebaki dakika sitini dirisha lifungwe, anaanza kukusanya fomu za mwisho. Nje kunasikika vishindo vya viatu. Ni sajini. Nyuma yake wamepanga mstari wazee wanne, mmoja ana mkongojo, wote wameshika vyeti vilivyolowa na wametazama chini kama wanafunzi waliochelewa shule.

"Shemeji," anasema sajini, "hawa waliniambia wako salama. Nimekwenda nikakagua mwenyewe."

"Ukakuta nini?"

"Waongo watupu, afande."

Mama Fomu anachomeka pasi.