Machipukizi Mawili ya Misheni

Nilikuwa mke mpya wa mwalimu karibu na Mosocho, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Kila Jumatano sisi wanawake tulikwenda misheni kufundishwa kushona na mke wa mhubiri, Mzungu mpole. Chini ya dirisha lake kulikuwa na kichaka ambacho, masika yakianza, kilijaa maua ya zambarau. Siku ya pili yakafifia, ya tatu yakawa meupe. Nilikitamani mno, lakini kuomba niliona haya.

Mchana mmoja, wenzangu wakinywa chai, nilizunguka dirishani nikang'oa machipukizi mawili na mizizi yake, nikayaviringisha ndani ya kitambaa changu. Niliyang'oa kwa pupa, mzizi mkubwa ukapasuka. Wiki iliyofuata kichaka kilikuwa kinakauka.

Yule mama akamwita mtunza bustani wake mbele yetu, mzee Mjaluo wa rika la baba yangu.

"Machipukizi yangu umemuuzia nani?"

"Sijauza, Mama. Sijui."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Niliendelea kushona. Mzee alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Kwangu chipukizi moja lilishika, likawa kichaka, ila miaka miwili halikutoa ua hata moja. Ndipo yule mzee akaingia uani kwangu na kikapu cha samaki wakavu. Kuuza samaki ndiyo kazi aliyoishia kuifanya. Alikitazama kichaka kwa muda mrefu.

"Unakikata lini, Mama?"

"Mwezi wa kwanza, Baba. Kabla ya mvua."

"Ndiyo maana. Unayakata maua yangali tumboni. Ngoja yachanue, yakiisha ndipo ukate."

Akajitwika kikapu chake, akaniaga kwa heshima.

Nilimfuata neno kwa neno. Masika yaliyofuata kichaka kilichanua, majirani wakaja kukisifu, nami nikashindwa kula. Nilikwenda misheni nikasema yote.

"Ungeniomba ningekupa," yule mama alisema. Kisha akafunika uso. "Na yule mzee nilimfukuza bure!"

Tulimtafuta sokoni pamoja. Wauza samaki walituambia amekwisha kurudi kwao ziwani, na hakuna aliyekijua kijiji chake.

Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini siyachumi maua yale kupamba kanisa. Nilimwambia yananyauka upesi.