Barua Pepe ya Mtaa Mzima Ilipohama

Nina hasira za karibu. Nikiwaambia watu kwamba natoka Tarime wanasema, "Aah, basi," kana kwamba nimeshawaeleza kila kitu, na hilo nalo linanikasirisha. Nasema mapema ili asije mtu akadhani yaliyotokea Nyamongo yaliletwa na mtandao. Mtandao ulikuwa mbovu, kweli, lakini kosa lilikuwa langu.

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa na steshenari pale Nyamongo: kompyuta moja ya mezani, printa moja yenye kiburi na benchi la wateja. Simu nyingi mtaani zilikuwa za tochi. Kampuni zinazofanya kazi mgodini zilikuwa zimeanza kutaka maombi ya kazi kwa barua pepe, na barua pepe ya mtaa mzima ilikuwa moja, ya kwangu. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikua hivyo hivyo: ukoo mzima unatumia sanduku la posta la shule ya msingi, barua ikifika mwalimu mkuu anamtuma mwanafunzi akakuite. Sasa mwalimu mkuu nikawa mimi, na nilijisikia kweli kweli.

Barua nilizisoma kwa programu iliyokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Asubuhi nachomeka modemu, programu inavuta barua zote kwa dakika chache, nachomoa, bando linapumzika. Baada ya hapo hata mtandao ukiamua kuzurura Kenya siku nzima, barua za watu ninazo mezani.

Aliyeziulizia kuliko wote alikuwa mama muuza chai, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wangu. Chai yake ya maziwa niliinywa kila asubuhi kabla sijafungua duka. Alipikia kuni, na moshi ulikuwa unamla macho. Kila siku yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, na daktari alikuwa amemwambia aachane na moshi, kana kwamba moshi ni rafiki mbaya tu. Basi aliomba kazi ya upishi kwa kampuni iliyowalisha wafanyakazi wa mgodini. Huko walipikia gesi. Maombi niliyaandika mimi, na anwani niliweka yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Imeingia?"

"Bado."

"Umeangalia vizuri, au umeangalia ukiwa na njaa? Ukiwa na njaa wewe huoni kitu."

Siku moja wenye ile barua pepe wakaniletea tangazo la Kiingereza kirefu. Nililisoma mara tatu. Maana yake, kuanzia mwezi unaofuata programu kama yangu haitaruhusiwa kuvuta barua. Anayetaka barua zake azisomee kwenye ukurasa wao, mtandao ukiwa hewani muda wote. Muda wote! Nyamongo! Nilipiga meza mpaka printa ikatoa karatasi tupu.

Nikaamua kuhama. Kutafuta pa kuhamia kulichukua wiki nzima, maana kila aliyekaa benchini aligeuka mshauri. Kampuni ya kwanza ilikuwa ya bure, ila ilisema itanitumia namba ya uthibitisho kwenye simu, na namba yenyewe haijafika mpaka leo. Ya pili iliikubali programu yangu, lakini sanduku lake lilikuwa dogo, vyeti vya wachimbaji wawili tu vingelijaza. Ya tatu ilikuwa safi, ila jina lake lilikuwa refu, ukilitaja herufi kwa herufi kwenye simu mtu anakata. Wachimbaji wao walitaka yenye jina la kizungu, ili wazungu wakiiona waseme huyu ni mwenzetu.

Fundi simu aliyepanga kona ya duka langu, mtu wa Tanga, alisikiliza yote akiwa ameinamia simu ya mteja.

"Ndugu yangu," akasema, "unachagua barua pepe au unachagua mchumba?"

"Mchumba nisingekuuliza wewe."

"Hata hii hujaniuliza."

Kweli, sikuwa nimemuuliza. Nikachagua ya nne: sanduku kubwa, programu ruksa, jina la herufi chache. Nilishinda mchana kutwa nikijaza kwenye programu majina ya mitambo yao, ya kupokelea barua na ya kuzituma, na kila nikikosea namba moja ilinigomea kama punda. Jioni barua ya kwanza ilipoingia nilipiga mluzi mpaka watu wa barabarani wakageuka.

Mama akaja na kikombe changu.

"Umehama?"

"Nimehama."

"Umemwacha nani kule?"

"Kule wapi?"

"Kule ulikotoka. Mura, wewe si mtoto wa huku? Watu wakihamisha mji hawaondoki wote siku moja. Bibi anabaki kwenye mji wa zamani, anawasha moto wake, anayekuja kuwatafuta anaelekezwa. Msimu mmoja, hata miwili. Ndipo mnabomoa."

"Mama, hii ni kompyuta, siyo boma la ng'ombe."

"Haya. Mwenye kompyuta ni wewe."

Nilicheka peke yangu alipoondoka. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Nilikuwa nimemwandikia kila mtu aliyewahi kutuandikia, na anwani mpya nilikuwa nimeibandika mlangoni kwa wino mwekundu. Tena nilikuwa bado na hasira na wale wa zamani, nilitaka wajue kabisa kwamba nimeondoka. Nikaingia kwenye ukurasa wao, nikatafuta mahali pa kufungia anwani. Wakaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Wakaniuliza tena, kwa upole. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kisha nikamsimulia fundi simu ushujaa wangu.

Wiki zikapita. "Imeingia?" "Bado." Mwanzoni mama aliuliza na utani wake, baadaye akauliza bila utani, mwisho akawa ananyanyua nyusi tu kutoka upande wa pili wa barabara, nami natikisa kichwa. Nilimwambia wakubwa ni wazito wa kujibu. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayewajua.

Kumbe wakubwa walikuwa wameshajibu. Siku moja karani wa ile kampuni ya upishi alisimama kwenye kibanda kunywa chai, akawa analalamikia waombaji wa kazi. Mtu anaomba mwenyewe, alisema, ukimwandikia barua inakurudia, inasema mtu huyu hayupo. Kuna mama mmoja mpishi walimwita kwenye usaili, barua ikarudi mara mbili, wakaendelea na wengine. Mama akamuuliza jina la huyo mpishi. Karani akataja jina la mama huyo huyo aliyemmiminia chai.

Mama alivuka barabara bila kikombe. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Mura, walikuja kunitafuta kwenye mji wa zamani. Wakakuta hakuna mtu."

Nikaanza kueleza. Kampuni ile ilikuwa haijawahi kutuandikia hata mara moja, kwa hiyo haikuwa kwenye orodha ya watu niliowapa taarifa, na karani hapiti kwangu kusoma mlango. Nikawarukia wale wenye barua pepe ya zamani, kwamba ni watu wa hovyo, wanamfungia mtu hivi hivi.

"Ndugu yangu," fundi simu akasema bila kuinua kichwa, "hao walikuuliza mara mbili."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Macho ya mama yalikuwa mekundu kama siku zote, na siku hiyo sikuweza kujua kama ni moshi.

"Nifungulie ya kwangu," akasema.

"Mama, hii ya hapa nitaiangalia asubuhi na jioni, nakuapia."

"Nimesema ya kwangu."

Nikamfungulia, kwenye kampuni hiyo hiyo mpya. Tulipofika kwenye neno la siri nikaweka vidole tayari, nikamwambia anitajie jina la mwanawe wa kwanza.

"Hilo si la siri?"

"Ni la siri."

"Basi toka hapo. Geuka ukutani."

Nikageuka. Nikasikiliza herufi zikibonyezwa moja moja, na kati ya moja na nyingine ungeweza kukaanga chapati. Fundi simu alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kucheka. Kisha mama akanirudisha kwenye kiti, akanitajia maneno ya kuandika: "Mimi ni yule mpishi mliyeambiwa hayupo. Nipo. Nilihamishwa." Nilitaka kuongeza maneno ya heshima, akaniambia niache kama ilivyo.

Tangu siku hiyo alikuja mwenyewe kila asubuhi, anafuta mikono kwenye kanga, ananiinua kwenye kiti, nami nageukia ukuta bila kuambiwa. Sasa aliyeuliza nikawa mimi.

"Mama, imeingia?"

"Bado."

"Umeangalia vizuri?" nilithubutu siku moja, akacheka, nikaweza kupumua.

Asubuhi moja alikaa pale muda mrefu, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Alipomaliza akatoka kwenye ukurasa kama nilivyomfundisha, akainuka. Nilimuuliza. Aliniambia tu, "Leo kunywa vikombe viwili, mura," na nikavinywa viwili bila kufikiri, mjinga mimi.

Kesho yake nilifika kufungua duka nikakuta kibanda kimefungwa, jiko limepoa, hakuna moshi. Nilisimama mlangoni kwangu nimefurahi kwamba mama ameenda kupikia gesi, na sina pa kunywa chai.