Adabu ya Mbaruku Iliyoishia Kifuani Kwangu

Nilipanda gari la kupima vifua ili nimtoe mume wangu woga tu.

Yeye akashuka mzima. Mimi nikaambiwa, "Mama, wewe subiri kidogo."

Jamani, nisikilizeni.

Mume wangu Mbaruku anauza viatu vya mitumba Kariakoo. Sigara haimtoki mdomoni. Siku hiyo gari la kupiga picha za kifua bure liliegeshwa karibu na meza yake, wenzake wakaanza kumtania.

"Oya Mbaruku, panda! Leo watakuta bomba la moshi humo!"

"Sipandi. Nikijua ndo nitakufa haraka."

Nikamwambia, "Baba Najma, unaogopa picha? Haya, natangulia mimi."

Nikapanda nacheka, naye akanifuata.

Picha yake safi. Yangu ina doa.

Hospitali wakanikata kipande kidogo cha pafu wakakipime. Majibu yakaja: kansa.

"Daktari, mimi sijawahi kushika sigara!"

"Nyumbani nani anavuta?"

Nikamweleza. Pale Magomeni tunaishi na mama mkwe. Mbaruku hawezi kuvuta mbele ya mama yake, anaona aibu. Basi anavutia chumbani kwetu. Mlango kafunga, dirisha kafunga, na kanga yangu kaisukumia chini ya mlango harufu isitoke.

Hivyo hivyo tangu anioe.

Na mvua ikinyesha, jiko la mkaa naliingiza humo humo.

Daktari akashusha pumzi. "Siwezi kukuambia ni kipi hasa. Ila moshi wa sigara ya mwenzako unaleta kansa ya mapafu. Wa mkaa ndani nao haufai."

Tulivyorudi, Mbaruku akapiga magoti uani kwa mama yake, analia.

"Mama nisamehe. Mimi navuta sigara."

Mama mkwe akamwangalia weee.

"Najua. Nanusa tangu hujaoa. Sasa ungevutia hapa uani, mimi ningekufanya nini?"



Akina mama wenzangu, mumeo aache sigara. Kama leo hawezi, basi atoke nje, hata kama wakwe wote wamekaa uani. Aibu wataisahau. Jiko nalo litoke.

Mimi nimeanza dawa, Mungu anajua.

Ila Najma wangu alizaliwa na kulelewa chumba hicho hicho. Akikohoa tu, mimi ndo naishiwa pumzi.