Kabwe aliyenijibu toka Fungurume

Wasomaji, municheke pole pole. Walipobomoa nyumba za kartié yetu ili mine ichimbe madini pale, rafiki yangu Kabwe alihamia Fungurume na wazazi wake. Akanitumia adresi ya kompyuta ya ku masomo yao, shule yake ya kule: 192.168.1.12. Sisi tulikuwa tumejifunza ping, amri ya kuuliza mashine nyingine kama iko pale. Nikaipiga. Jibu likarudi papo hapo. Wiki mbili nilimpigia kila siku, nikijivuna: "Munaona? Hajanisahau."

"Kabwe na uvivu wake wote, anajibu mbio hivi?" wenzangu wakasema.

Mwalimu akasikia. "Mutoto, adresi ya vile haitoki inje. Kila masomo iko na zake. Hapa kwetu, hiyo ni imprimante ya prefe, mukubwa wa masomo, ile inachapa bulletins za pointi zenu. Piga tena, mi naenda kuchomoa waya yake."

Nikapiga mbele ya darasa lote, nikimuomba Kabwe ajibu. Akanyamaza.